Kiyoyozi Kilichopoza Usiku Tu

Ndoo ndiyo iliyonishtua. Bomba la maji ya kiyoyozi cha chumba cha mama linatokeza nyuma ya nyumba, na chini yake huwa natega ndoo ya lita 20, maana mama hapendi kuona maji yanapotea bure. Tunadekia, tunamwagilia mirihani yake. Kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha, ikifika saa 12 asubuhi ndoo imefika nusu. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa kaskazi imelowana kiasi kwamba kiyoyozi kidogo cha chumbani hukamua lita 1 ya maji kwa saa, na siku nyingine zaidi. Siku ile ya Januari niliimwaga asubuhi kama kawaida, nikaenda kazini. Niliporudi saa 11 jioni ndoo ilikuwa kavu.

Ndani nikamkuta mama amelala chali, kanga imemgandia kifuani, na binti anayetusaidia nyumbani ameketi ukingoni mwa kitanda anampepea kwa upepeo wa ukili. Kiyoyozi kinanguruma juu yao, taa yake ya kijani inawaka, upepo unatoka. Lakini upepo mtupu, kama wa feni.

"Tangu adhuhuri ndiyo hivi, dada," binti akaniambia.

Mama hakusema kitu. Tangu alipopata kiharusi upande wake wa kulia hauna nguvu na maneno yamekuwa machache, anayachagua. Jasho la shingoni lilikuwa linasema kwa niaba yake.

Nieleze kidogo kuhusu chumba, kwa sababu bila chumba hadithi hii haieleweki. Mama amezaliwa na kuzeekea Pangani, katika nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene, madirisha yanayotazamana, na upepo wa mtoni unaoingilia mlango wa mbele na kutokea uani. Kule hatukuwa na kiyoyozi wala hatukukifikiria. Nyumba yangu ya Tabata ni tofali za saruji na bati, na chumba alichopata mama kinatazama machweo. Saa 9 alasiri ukiweka kiganja kwenye ukuta ule unakiondoa haraka. Mtu mwenye afya zake atatoka akakae kivulini. Mama hatoki bila watu 2 wa kumbeba, na ngozi ya mtu anayelala kutwa ikishinda imeloa jasho huchubuka, mchubuko ukawa kidonda, na kidonda cha mgongoni kwa mgonjwa wa kiharusi ni safari ya hospitali isiyojulikana mwisho wake. Kwa hiyo kiyoyozi kwetu kiko kundi moja na dawa zake za presha. Naomba nisisomwe kama mtu anayelilia starehe.

Nilianza na yale ninayoyajua mwenyewe. Rimoti kwanza. Wengi huruka hapa kwa kuona ni mambo ya kitoto, lakini nimeshaona nyumba 2 ambako ugonjwa wote ulikuwa rimoti: mtoto kabonyeza, alama ya theluji imeondoka, imekuja ya feni au ya tone la maji. Kwenye feni kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, haiwaki kabisa. Kwenye tone inawaka na kuzima ili kukausha unyevu, na chumba kilichoshika joto la mchana hakipoi kwa mwendo huo. Yetu ilikuwa kwenye theluji, nyuzi 24. Nikaishusha hadi 16, haikubadilika kitu, na sasa najua kwa nini. Kiyoyozi cha kawaida kisicho na inveta, yaani kidude cha kubadili kasi ya kompresa, hakina kukimbia wala kutembea. Kompresa yake ama inafanya kazi ama imezima. Namba ya kwenye rimoti inakiambia tu kiache lini.

Halafu vichujio. Unafunua mfuniko wa mbele, unachomoa vile vyandarua 2 vya plastiki, unaviinua kwenye mwanga: ukiona mwanga vizuri, hewa nayo inapita. Vyetu vilikuwa na vumbi la kawaida, maana huwa navisuuza kila baada ya wiki 2. Nikavisuuza tena, nikavianika kivulini, nikavirudisha. Nikafunga mlango, nikaziba upenyo wa chini kwa kanga kuukuu, nikashusha pazia. Kisha nikachukua kipimajoto cha ukutani, cha bei ya chini tu, nikakipandisha juu ya kiyoyozi pale hewa ya chumba inapoingilia. Nyuzi 32. Nikakishikilia mdomoni pake, pale inapotokea, kwa dakika 10. Nyuzi 27.

Tofauti ya 5. Kiyoyozi kizima hupunguza kama nyuzi 8 hadi 12 kati ya hewa inayoingia na inayotoka. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji fundi, hakihitaji kufungua nati, na kinakupa namba ya kumwekea fundi mezani badala ya kumwambia "hakipozi vizuri", neno ambalo kila mmoja anaweza kulitafsiri apendavyo.

Fundi wa kwanza alikuja keshoye saa 8 mchana. Kijana mchangamfu, begi mgongoni, mtungi mdogo mkononi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingiza mkono, akagusa mirija ya shaba, akarudi.

"Gesi imeisha, dada."

Sikuwa na sababu ya kubisha. Jiko huisha gesi, pikipiki huisha mafuta, LUKU huisha uniti; nikaona na hiki nacho kina zamu yake. Akajaza, nikampa elfu 80. Usiku ule chumba kilipoa barabara, mama akaomba ajifunike, nikamshukuru Mungu na fundi. Kesho yake saa 7 mchana upepo ukawa uleule wa feni. Akarudi siku ya tatu, akasema huenda aliweka kidogo, akaongeza. Elfu 50 nyingine. Usiku kikapoza. Mchana kikawa kibaya kuliko mwanzo: kompresa inawaka dakika chache, inakata, kimya cha nusu saa, inawaka tena, inakata.

Fundi wa pili aliusikiliza ule ukatikaji akasema kompresa imekufa, ninunue kiyoyozi kipya, analijua duka. Usiku huo nilikaa na karatasi ya bei mkononi, nawaza nikope wapi, huku chumbani kwa mama kiyoyozi "kilichokufa" kinapoza vizuri kabisa na maji yanadondoka kwenye ndoo, to, to, to. Jibu lilikuwa pale linagonga, nami silisikii.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenipa namba ya mzee mmoja wa Magomeni, aliyeanzia kazi kwenye majokofu makubwa ya samaki. Nilimpigia nikiwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kulipa mara mbili. Hakuuliza kiyoyozi ni cha kampuni gani wala cha mwaka gani.

"Kinashindwa saa ngapi, mwanangu?"

"Kuanzia saa 6 mchana mpaka magharibi, baba."

"Na usiku?"

"Usiku kinapoza."

Akanyamaza kidogo. "Sasa gesi iliyoisha mchana, usiku inarudi na nani?"

Naliandika hapa swali hilo kama alivyolisema, kwa sababu kila mwenye kiyoyozi angelijua, pesa nyingi zisingepotea katika mji huu. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, kutoka boksi la ndani kwenda la nje na kurudi, miaka na miaka, ileile iliyowekwa kiwandani. Ikiwa imepungua, basi imevuja, na kama imevuja kuna tundu, na tundu halichagui saa. Kiyoyozi chenye gesi pungufu kitalegea mchana na usiku, kila siku kikilegea zaidi. Kinachoshindwa jua likiwa kali na kupata nafuu likizama kinalalamikia kitu kingine.

Alikuja Jumamosi saa 7, saa niliyomwambia kinaanza kuchoka. Akaingia kwanza kumsalimu mama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba," mama akaitikia, neno lake la kwanza siku ile. Mzee akasoma kipimajoto changu, akatikisa kichwa kuridhika, kisha tukaenda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo aliposimama mbele ya boksi la nje, mikono kiunoni, akaniuliza nani amelifunga jela.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Julai, mtaani kwetu waliiba maboksi ya nje 3 kwa wiki moja kwa ajili ya shaba. Nami nikamwita fundi wa kuchomelea, akanitengenezea kizimba. Nondo pande zote, na kwa kuwa nilitaka wapita njia wasione hata kilichomo, nikamwomba aweke bati zito mbele na ubavuni, akakata vijitundu vichache vya kupumulia. Kazi nzuri, imepakwa rangi. Julai ni kusi, kuna baridi, kiyoyozi tulikuwa tunakiwasha usiku tu tena kwa nadra. Hakuna aliyehisi tofauti. Joto lilipokuja Desemba na Januari sikuwa nakikumbuka tena kile kizimba kama kitu kinachohusiana na kupoza. Kwangu kilikuwa habari ya wezi.

Mzee akachukua kipimajoto changu, akakifunga kwa uzi, akakipenyeza ndani ya kizimba, upande wa nyuma ambako boksi linavuta hewa. Hewa ya uani, kivulini, ilikuwa nyuzi 33. Mle ndani kipimajoto kilipanda mpaka mwisho wa namba zake, 50, kikakaa hapo.

Ilibidi anifafanulie, na alifanya hivyo akiwa amechuchumaa anafungua kufuli. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto. Gesi inapita boksi la ndani ikiwa ya baridi, inanyonya joto la chumba, kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, na boksi la nje linalipuliza lile joto liende zake. Kama hewa ya nje ni nyuzi 33, joto linaondoka. Kama hewa inayovutwa ni ileile iliyotoka kupulizwa, imegonga bati ikarudi kwa nyuma, kila mzunguko unaanza na joto zaidi, na mwisho gesi haina pa kuutua mzigo wake. Inarudi chumbani bado ina joto la awali. Usiku kuta na bati zimepoa, jua halipo, mzigo ni mdogo, kizimba kinavumilika. Mchana hakivumiliki.

Nilipomsimulia mama jioni ile, alisikiliza mpaka mwisho. Baba yetu alikuwa mvuvi, na mama amekaa kwenye ngalawa kuliko anavyokaa mtu wa mjini kwenye daladala. Akasema taratibu, neno kwa neno: "Kumbe mlikuwa mnakumba maji, mnayamwaga mlemle chomboni."

Sijasikia wala kusoma maelezo mafupi na kamili ya kiyoyozi kuliko hayo.

Mzigo wenyewe si mdogo, ndiyo maana boksi la nje linahitaji nafasi. Kiyoyozi chetu ni cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto), ambacho kazi yake ni kuondoa joto la kilowati 3.5. Wenyewe wanaita ukubwa huo tani 1, na mzee aliniambia tani hiyo ni ya barafu: ni joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kama kilo 907, kwa saa 24. Ongeza na umeme inaokula kompresa yenyewe, nao unageuka joto. Yote hayo yanapita kwenye kile kiboksi ukutani. Mimi nilikiwekea vijitundu vya kupumulia.

Lakini kizimba hakikuwa peke yake. Mzee alipoondoa bati la mbele kwa muda akaangalia feni. Ilikuwa inazunguka, ndiyo, kwa uvivu. Ungeweza karibu kuhesabu mapanga yake. Akazima breka, akasubiri, akagusisha bisibisi yenye mpini wa mpira kwenye ncha za kapasita, kidude kinachotunza umeme wa kuisukuma feni au kompresa izunguke, ili kumaliza umeme uliobaki ndani, na akanitazama kuhakikisha nimeona. Kapasita hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa, na umeme huo unatosha kumrusha mtu. Ndiyo sababu mimi, pamoja na yote ninayoandika humu, sifungui boksi la nje. Nafungua mfuniko wa ndani na macho yangu, basi.

Kapasita ya feni ni kidude cheusi cha pembe nne, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kimeandikwa mikrofaradi 2.5. Mita yake ikasoma 1.3. Ile ya kompresa, kopo la alumini lililoandikwa 35, ikasoma 34, nzima. Joto la kizimba lilikuwa limeichosha ile ndogo, nayo ilipochoka feni ikalegea, na feni ilipolegea joto la kizimba likazidi. Akabadilisha: elfu 15. Kompresa iliyotangazwa kufa haikuwa na kitu. Ndani yake kuna kidhibiti kinachokata umeme ikipata moto kupita kiasi na kuirudisha ikipoa. Ule ukatikaji ulikuwa kinga inafanya kazi yake, nusu saa baada ya nusu saa, kuizuia isiungue. Nilijisikia vibaya kweli kweli, kama mtu aliyemsingizia mwenzake.

Ikabaki gesi. Akafunga geji, kipimo cha presha, kwenye bomba nene. Kwa gesi yetu, R410A, na joto la siku ile, alitarajia presha ya pauni kama 130 kwa inchi ya mraba. Geji ikasimama 165. Kiyoyozi kilichopungukiwa husoma chini. Hiki kilisoma juu, na yeyote ambaye angefunga geji kabla ya kufungua mtungi angeliona hilo. Yule kijana alikuwa amegusa mrija kwa vidole tu. Mzee akaivuta gesi yote kwa mashine kwenye mtungi wake uliokuwa juu ya mzani: gramu 1,240. Kibandiko cha ubavuni mwa boksi kinasema gramu 870. Nilikuwa nimelipa elfu 130 kuongezewa gramu 370 za tatizo. Gesi ikizidi inajaa sehemu ya boksi la nje ambako ingetakiwa kupozwa, presha inapanda, kompresa inafanya kazi kwa kukamuliwa. Ndiyo maana baada ya safari ya pili ya yule kijana ndipo ukatikaji ulipoanza.

Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka kwa sababu linachukua muda: alifunga pampu, akanyonya hewa na unyevu wote ndani ya mirija kwa zaidi ya nusu saa, akafunga, akasubiri kuona kama sindano ya geji itarudi. Haikurudi, maana yake hakuna tundu. Ndipo akaingiza gesi kwa mzani, mtungi umepinduliwa chini juu. R410A ni gesi 2 zilizochanganywa nusu kwa nusu, na ikiingia kama mvuke inaweza isiingie kwa uwiano wake. Ikiingia kama kimiminika inaingia sawa. Gramu 870. Akafunga vizibo vya nati, akavikaza.

Boksi tuliliosha kwa mpira wa bustani, maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lirudi lilikotoka. Nikamuuliza kama ningeleta mtu mwenye mashine ya kuoshea magari. Akakataa: yale mapezi ya alumini ni membamba kama karatasi, maji ya nguvu yanayalaza, na pezi lililolala ni mlango uliofungwa. Fundi wa kuchomelea akaja na grenda jioni, akaondoa mabati yote, tukaacha nondo peke yake, zenye nafasi ya kupita ngumi. Mwizi anaona kilichomo. Na aone.

Jumapili saa 9 alasiri nilikipandisha tena kipimajoto. Hewa inaingia 29. Inatoka 18. Nikashuka kwenye kigoda, nikaenda kumkalia mama pembeni, hatukuzungumza.

Tangu hapo majirani wananiita, na siendi kama fundi, naenda na kipimajoto na maswali ya mzee. Kinashindwa saa ngapi? Kimeanza ghafla au taratibu? Kabla hakijaanza, nini kimebadilika ndani au nje ya nyumba? Hilo la tatu ndilo lililonikosesha mimi.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kitandani na mrija uliovaa barafu nyeupe kama ya friji. Naye alikwisha kuambiwa gesi. Barafu ina mama 2: gesi kidogo, au hewa kidogo. Tukaanza na hewa kwa sababu ni bure. Vichujio vyake vilikuwa blanketi. Na nyuma yake ile feni ndefu yenye umbo la pipa, ambayo watu hawaioni mpaka wamulike kwa tochi ya simu, kila kijipanga chake kilikuwa kimejaa vumbi lililogandamana na mafuta ya jikoni, kiasi kwamba kilikuwa hakishiki upepo. Tukaizima kompresa, tukaacha feni mpaka barafu ikayeyuka yote, fundi akaiosha ile pipa vizuri, na barafu haikurudi. Ingerudi huku upepo ni mzuri, hapo ndipo tungetafuta tundu, na tundu lina dalili yake: doa la mafuta kwenye nati za mirija, kwa sababu gesi inasafiri na mafuta ya kompresa na inapotoroka inayaacha mlangoni. Povu la sabuni ya vyombo likipakwa hapo linachemka. Fundi asiyetafuta hata kwa sabuni, akataka kujaza tu, mwambie aache.

Rafiki yangu wa Kigamboni, nyumba yake iko karibu na bahari, yeye mapezi yake yamesagika kwa chumvi; ukipitisha kidole yanadondoka kama majivu. Hapo hakuna kusafisha. Lakini kinachofuata atakifunga upande usiopigwa na upepo wa bahari na kukisuuza kwa maji baridi mara kwa mara, kama wanavyosuuza mashine ya boti. Mwingine, kosa lilikuwa umeme: saa 2 usiku mtaa mzima umewasha kila kitu, umeme unashuka, kompresa inaguna na kushindwa kuanza. Mwingine mjusi kafiri alikwenda kulala kwenye bodi ya umeme ya boksi la nje, akafa pale na kuichoma. Na mwingine hakikuwa na ugonjwa wowote. Ni kiyoyozi cha BTU 9,000 kimewekwa sebule kubwa yenye bati lisilo na dari. Huyo nilimwambia dari kwanza. Joto lisiloingia halihitaji kutolewa.

Kuna jambo la gesi ambalo limenikaa moyoni na sitaki kulipita. Viyoyozi vya zamani vina R22, inayokula tabaka la ozoni na ambayo dunia inaiondoa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. R410A haigusi ozoni, lakini kilo 1 yake ikitoroka angani inapasha dunia joto sawa na tani 2 na zaidi za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Nchi zilikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo, na viyoyozi vingi vipya vinakuja na R32, yenye madhara kama theluthi ya hayo. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi anayevuta sigara karibu na mtungi wake muombe aondoke. Na gesi hazibadilishani nafasi: soma kibandiko, kisha soma mtungi wa fundi, viwe na jina moja. Kila "nijaze tu" bila kuziba tundu ni kuilipia gesi hiyo iende juu, irudi kwetu ikiwa kaskazi kali zaidi, kwenye vyumba vya wazee wasio na hata hicho kiyoyozi. Mama ana bahati ana binti mwenye mshahara. Nafikiria sana wale wengine alasiri.

Nimesoma pia kwamba Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, hakuwa anahangaikia joto la watu. Unyevu ulikuwa unavuruga karatasi, na kazi aliyopewa ni kuukamata. Nilifurahi kusoma hivyo, kwa sababu ndoo yangu ilikuwa inapima kitu kilekile. Hewa inayodondosha maji ni hewa iliyokutana na baridi ya kweli. Upepo mtupu haudondoshi. Siku hizi kabla ya kutazama kipimajoto natazama ndoo, na binti naye amejifunza. Ananitumia ujumbe kazini saa 9: "Ndoo imefika alama ya pili."

Jana usiku nilisikia mlio umebadilika nyuma ya nyumba, maji yanaangukia maji. Nikaamka saa 9, nikapita chumbani kwa mama. Shuka amelivuta mpaka kidevuni, kwa mkono wake wa kushoto. Nikatoka uani na tochi, ndoo imejaa mpaka ukingoni, inafurika kwenye mirihani. Nikaimwaga taratibu shinani, nikairudisha chini ya bomba.